Natetemeka, na Siendi

Felicitas alipotoroka nyumba ya mumewe kule Kinondoni, alidhani hofu ataiacha hukohuko. Alihamia Temeke, akapanga chumba kwa Mzee Mwinjuma, akapata kazi ya kupiga pasi nguo katika duka la Fatmabai, mjane wa Kihindi aliyeajiri mafundi cherehani barazani. Mwaka ule wa hamsini na tatu Temeke ilikuwa bado na mikorosho mingi kuliko nyumba, na hapakuwa na mtu aliyemjua.

Lakini mwili ulimjua. Revelian, mumewe, karani wa serikali, alikuwa akirudi kazini kwa baiskeli. Kila mara aliipiga teke stendi yake, kisha akaingia ndani, na kipigo kikaanza. Sasa kila mteja aliposimamisha baiskeli nje ya duka, vidole vya Felicitas vilikufa ganzi. Siku moja aliganda hivyo na pasi ya mkaa mkononi mpaka shati likaungua.

Fatmabai alilitazama lile shati, akamwondolea pasi. "Kaa chini kwanza. Shati tutashona lingine."

Benedicta, binti wa mama yake mdogo, aliposikia alikuja na dawa mbili. "Dada, hilo ni pepo, likatolewe. Au rudi kwa mumeo, uombe radhi, moyo utulie."

"Sina pepo. Na radhi ya nini?"

Alijibu kwa ukali, lakini swali lake mwenyewe lilimkaa moyoni. Jumapili baada ya misa akatoa kigoda, akakaa kando ya barabara peupe, pale baiskeli zilipopita zikienda gulioni. Kama hofu inakuja, ije aione sura yake.

Ikaja. Ilianzia kisogoni, ikashuka tumboni, ikafunga pumzi. Hakukimbia. Alitoa pumzi taratibu kama mtu anayepoza uji wa mtoto, akajiuliza kwa Kihaya, lugha ya mama yake: unaogopa nini hasa? Jumapili nyingi zilipita kabla hajapata jibu. Hakuogopa baiskeli, wala hata ngumi. Aliogopa ule ukimya kati ya stendi na mlango, alipokuwa akijipekua haraka: leo nimekosa nini? Chumvi? Maji ya kuoga? Miaka yote ile alikuwa akijihukumu kabla mumewe hajaingia.

Akalia palepale barabarani, wapita njia wakimtazama. Kisha akasema kwa sauti, "Sikukosa kitu." Tangu siku hiyo ganzi ilipomjia aliirudia kauli hiyo, na ganzi ikawa inapita upesi zaidi.

Revelian alimpata siku moja asubuhi. Stendi ililia, naye akapanda barazani kwa suti na tai.

"Felicitas, twende nyumbani. Nilikuoa kanisani."

Mafundi waliacha cherehani. Mikono ya Felicitas ilikuwa ikitikisika waziwazi. Aliiweka pasi chini, akaiacha mikono itikisike, wala hakuificha kwenye khanga.

"Tazama unavyotetemeka," Revelian alisema, akitabasamu. "Bado unanijua."

"Nakujua sana. Natetemeka, na siendi."

"Watu wanatusikia."

"Wasikie. Ulinipiga mpaka nikasahau mie ni nani. Sikukosa kitu, Revelian. Siku hata moja."

Revelian alimshika mkono. Fatmabai akasimama, na Mzee Mwinjuma, aliyekuja kuchukua kanzu yake, akasogea akasema kwa upole, "Bwana karani, mwanamke amekwisha kujibu." Revelian akatazama nyuso zile zote, akauachia mkono, akaondoka.

Felicitas alitetemeka mpaka adhuhuri. Hakujionea haya; aliuambia mwili wake umalize kazi yake. Mchana alisikia njaa, njaa ya kweli, akala ugali na samaki akaongeza.

Padri alimwita amshauri arudi kwa mumewe, na Benedicta akamnunia mwaka mzima. Hakurudi. Benedicta mwenyewe ndiye aliyekuja baadaye, shavu limevimba, akasimama mlangoni.

"Ingia," Felicitas alimwambia. "Hapa hatuulizani tulikosa nini."