Bastola Fupi ya Mlango wa Sonara

"Ukiishika hivyo utajitoboa kisigino, halafu nani atakuuguza?" mwanangu alimwambia mkewe. "Mimi simo."

"Wewe hukujitoboa kitu," mkewe akajibu bila kugeuka. "Hata kuitoa mfukoni hukuitoa."

"Rudia!"

"Nirudie mara ngapi? Mtaa mzima unarudia."

Mwanangu akapiga meza ngumi, na kifungo cha shati kilichokuwa kimelala juu ya mtutu kikaanguka. Mkamwana wangu akakiokota, akakirudisha pale pale, akanyoosha mikono, akalenga msumari wa ukutani, akavuta. Tak. Bastola ilikuwa tupu. Tangu asubuhi alikuwa na kazi hiyo moja: kifungo juu, tak, kikianguka anaanza upya. Mjusi wa dari alikuwa ameshahamia kwa jirani na watoto wake wote.

"Mama, mwambie huyu," mwanangu akanilalamikia. "Kesho atatutia aibu."

"Aibu ipi tena, mwanangu? Imebaki?" nikamwambia, na mkewe akachekea puani. Mimi wakigombana hao ndio napata raha zangu, maana hakuna anayekumbuka kunituma.

Mwanangu huyu alilinda mlango wa sonara miaka sita. Chumba tunachokaa, hiki cha nyuma ya duka, ni cha mlinzi: ukivua koti la ulinzi, unabeba na godoro. Walimpa bastola fupi ya risasi tano, mtutu wake haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Kwa kuwa ni ndogo, akaidharau. Akaitumbukiza mfuko wa suruali pamoja na funguo, kitana, leso na nusu mkate.

Mchana mmoja akaja mwizi. Na mwizi mwenyewe alikuwa mchovu, mguu mmoja mbovu. Naapa kinyozi angemnyoa akamaliza kabla hajafika kwenye kaunta. Mwanangu akatia mkono mfukoni, ikatoka leso. Akatia tena, kikatoka kitana. Mara ya tatu, mkate. Akamwambia mwizi, "Subiri kidogo." Na yule mtu akasubiri! Akasubiri mpaka akachoka, ndipo akabeba dhahabu, na kile kitana akakichukua pia. Tangu siku ile mwanangu jina lake ni Subiri Kidogo. Akipita bombani wanawake wanaweka ndoo chini ili wacheke vizuri, na mikono yake haijaacha kutetemeka hadi leo.

Sonara akatuita. "Baada ya wiki tatu, Ijumaa saa sita, kuna mtihani wa kulenga," akasema. "Mtu yeyote wa nyumba hii akipita, kazi ni yake na chumba ni chake. Asipopita yeyote, nataka chumba changu."

Mwanangu akaangalia vidole vyake. Mkewe, fundi cherehani asiyewahi kushika hata manati, akasema, "Mimi."

Wiki tatu alifundishwa na askari mstaafu, tuliyekuwa tunamwita Afande, mzee mwenye uso kama ngumi na rula ya mbao. Siku ya kwanza Afande alizipanga bastola mezani, kubwa kwa ndogo, akawaambia wanafunzi wake, wanaume watupu isipokuwa mkamwana wangu, wachague. Wanaume wakachukua kubwa. Mkamwana wangu akachukua ndogo, akidhani ni ya wanaoanza. Afande akafurahi kama fisi. "Umejichagulia kifo," akamwambia. "Kubwa ina uzito, inatulia yenyewe. Hii mtutu hauna urefu, ukitetemeka upana wa unywele tu, risasi inakwenda kwa jirani. Na inapiga teke."

Alirudi jioni ile mshipa wa kidole gumba umevimba kama kiazi. Nikamwambia asiache kuosha vyombo.

Kisha Afande akaanza ukatili wake wenyewe. Alimjazia risasi kwa kificho, tatu nzima na maganda mawili matupu yamechanganywa, asijue ipi italia. Yakifika maganda, hakuna mlio, lakini mkamwana anafumba macho vile vile na mtutu unachungulia chini. Wanaume wanakufa kwa kicheko. "Unamwinamia mwizi!" Afande anapiga kelele. "Msalimie kabisa! Shikamoo mwizi!" Halafu rula, pwa, juu ya vifundo vya vidole. Wiki ya pili alikuwa anashona kwa mkono mmoja.

Kilichomwokoa ni mkasi. Alikuwa anakata kitambaa kizito cha makoti, akifuata mstari wa chaki, mara akasimama. Ukikata kitambaa kile kwa pupa, kinachanika. Unabana polepole, kwa nguvu ile ile, mpaka kinaachia chenyewe, na jicho halitoki kwenye chaki. Akauweka mkasi chini, akachukua bastola tupu, akakibana kifyatulio kama anavyobana mkasi. Kifungo kikatulia juu ya mtutu kana kwamba kimeshonewa pale.

Akashona pia mfuko. Ndani ya koti, upande wa kulia, wa turubai gumu, mdomo mpana, umefuata umbo la bastola na kufunika kifyatulio. Humo hakikuingia kitu kingine, hata uzi uliokatika. Mwanangu akautazama mfuko ule kama mtu anayetazama kaburi lake likichimbwa.

Sasa nisikilizeni, maana hili sijamwambia mtu. Ijumaa asubuhi mkamwana alikwenda kuoga, na mwanangu alikuwa nje anajificha watu wasimwone. Nikalivuta koti lile nikafumua mfuko chini, mshono mzima, taratibu, kwa ncha ya pini. Sikutumwa. Nilizaa mwanamume, na sikutaka kula kwa jasho la mwanamke aliyempita. Tena nilijiambia, akishindwa huyu, nitamlilia sonara amrudishe mwanangu. Machozi yangu yaliwahi kumfanya karani wa mahakama aombe likizo.

Nikamsindikiza kwenye mtihani, nikakaa kwenye benchi ukutani.

Hatua tano kutoka kwenye karatasi iliyochorwa kifua cha mtu. Filimbi ikilia, unatoa bastola na kumaliza risasi tano kabla Afande hajahesabu hadi kumi. Filimbi ikalia. Mkamwana akatia mkono mfukoni, hakuna kitu. Bastola ilikuwa imeteleza ndani ya bitana, imelala kwenye pindo.

"Subiri kidogo!" mmoja akapaza sauti, na kiwanja kizima kikaanguka kicheko. Mimi nikaanguka nao.

Afande alikuwa amefika nne. Mkamwana hakupapasa. Alizamisha mkono kwenye lile tundu hadi kiwiko, akaikamata bastola huko huko chini, akaliinua koti lote pamoja nayo, akapiga kupitia kitambaa. Tano, moja baada ya moja, kwa nguvu ile ile. Koti likawaka. Sikio langu la kushoto liliondoka siku ile na halijarudi. Kwenye karatasi, matundu matano, ungeyafunika kwa kiganja.

Afande akamzima moto kwa rula. "Umeungua?"

"Mkono wote."

"Vizuri. Kesho utakagua mfuko kabla hujavaa. Umepita." Akaugeuza mfuko nje, akautazama. "Uzi huu haukukatika. Umefumuliwa."

"Nimeona," mkamwana akasema. "Mimi ni fundi."

Tukarudi nyumbani. Tulipoingia, alivua koti lililoungua, akamtazama mumewe.

"Fungasha."

"Nifungashe nini?"

"Chako chote. Chumba ni cha mlinzi, na mlinzi ni mimi."

"Kwa kosa gani, mke wangu? Koti lako sikuligusa! Naapa sikuligusa!"

"Sikusema koti. Umejitaja mwenyewe."

"Mtaa mzima umeshasikia habari za mfuko! Wamenipigia kelele dirishani!"

"Basi alifumua nani? Mama? Mama haoni hata tundu la sindano, kila siku namtungia uzi mimi. Mama atabaki, hana pa kwenda. Wewe una miguu."

Macho yangu ni mazima; naona meno ya sisimizi. Uzi nilimpa atunge kwa uvivu tu.

Mwanangu akageuka polepole akanitazama, akatazama pini iliyochomekwa kwenye kanga yangu.

"Mama," akasema. "Mwambie."

Nikafungua mdomo, na hapo hapo sonara akaingia bila kubisha, funguo za duka mkononi, anacheka. Nikaufumba mdomo, nikaichomoa pini, nikaificha kwenye pindo la kanga.