Tambi ya Maji ya Majivu

Wifi yangu njo alisema kama supu yangu iko na dawa. Alisema vile kwao Alunguli, ngambo ya mutoni, na maneno ikavuka Lualaba na mitumbwi pamoja na samaki, ikafika soko ya Kindu mbele mimi mwenyewe niisikie. Wifi huyu njo dada mukubwa ya bwana yangu. Jumapili, Siku ya Mungu, wamama wenye nilikuwa nasali nao wakaanza kuvuta watoto wao wakiniona na chungu.

Acha niseme kwanza supu yenyewe ilikuwa namna gani, kwa sababu wengi waliisema bila kuionja.

Jirani yangu, mama Muislamu wa ukoo wa wangwana wa zamani, alinifundisha kufanya tambi na mikono. Unakanda unga ya ngano, unasokota kati ya vidole mpaka inakuwa sawa uzi, unaanika juu ya kitambaa. Lakini yeye alikuwa anaikula na sukari. Na mimi nilikuwa ninaendaka masomo ya mangaribi ya wamama. Madamu mwenye alitufundisha kusoma, alitufundisha pia supu ya tambi, ile tambi ya butiki yenye inakuja ndani ya karatasi: maji, karoti, chumvi kidogo. Tulikuwa tunaikunywa na adabu, kisha tunarudi nyumbani na njaa. Nikasema, tambi ya jirani na supu ya Madamu itakutana ndani ya bakuli moja, lakini chungu itakuwa ya kwetu.

Mifupa ya kuku niliichoma juu ya makaa mpaka ilinuka muzuri. Nikaitia ndani ya maji na kichwa ya samaki ya moshi, kitunguu yenye imeungua nje, na tangawizi ya kuponda. Moto kidogo tu, toka asubuhi mpaka wanaume wanatoka kazini. Chini ya bakuli niliweka kwanza karanga ya kusaga, chumvi na pilipili. Nikamwaga supu juu yake, nikakoroga, kisha tambi, kisha majani ya lengalenga na yai ya kupasua. Mwisho matone ya mafuta ya mawese yenye nimepasha moto na kitunguu saumu. Bwana yangu alikuwa anatoka kwa kazi yake ya gari la moshi, anapita watu bila kusalimia, mpaka ndani ya bakuli.

Tambi niliikanda na maji ya majivu. Kwetu kila mama anaijua: unachoma maganda ya ndizi, unachuja ile majivu na maji, unatia ndani ya maharagi ngumu, inalainika. Mimi nilijaribu kuitia ndani ya unga ya ngano. Unga nyeupe ikageuka manjano bila yai hata moja, na tambi ikashika nguvu, ikavutika, haikuvunjika tena ndani ya supu ya moto.

Siku moja wifi aliingia wakati nilikuwa nachuja. Alikuja kwa sababu ya binti yangu wa kwanza. Alitaka tumupe kwa mwanaume mumoja wa muji wa Kama, mwenye kuuzisha zahabu, rafiki ya bwana yake. Yule mwanaume alikuwa na wake tayari. Nilimujibu kama binti yangu amebatizwa, ataolewa kanisani, na kama kijana ya pale karibu, mutoto wa mama mumoja mujane mwenye tunasali naye, amekwisha kuja kubisha hodi. Wifi hakubishana. Aliangalia unga ikigeuka rangi, akakunywa maji, akavuka kwao.

Kisha njo nikasikia maneno yenye alisema kule. "Anachuja kitu nyeusi, anaitia ndani ya unga nyeupe, unga inageuka sawa macho ya mugonjwa. Njo vile alimufunga ndugu yangu. Na binti yake atafunga kijana ya watu vile vile."

Mama ya kijana alikuja kuniona. Hakuketi.

"Mama, mimi siamini maneno ya watu," alisema. "Lakini niko na mutoto mumoja."

Akaenda. Binti yangu alikuwa nyuma ya ukuta, anasugua sufuria yenye ilikuwa safi tayari. Hakulia. Aliacha tu kukula, na kila mangaribi aliangalia barabara ya stesheni, kwenye kijana alikuwa anapitaka, kama vile muntu anaangalia mvua yenye imepita mbali.

Mimi ni mama wa sala. Lakini wakati ule, tukisali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe nilifunga kinywa, niliacha wengine wapite, kisha niliwafuata mbele. Mungu alikuwa ananiona. Sikumuficha.

Bwana yangu alitaka kwenda kugombeza dada yake.

"Hapana," nilimuambia. "Umuite tu. Umuambie wakwe wanakuja, na shangazi anapashwa kuwa pale."

Kwetu, chakula ya wakwe, shangazi ya binti njo anaonja kwanza, mbele ya macho ya wageni. Tunaita kutosha sumu, maana kuitoa. Anaonja kwa jina ya ukoo muzima, kusema nyumba hii haina ubaya. Shangazi mwenye hajaonja hapati fungu yake ya mali ya ndoa, kitambaa ya kikwembe na mbuzi. Na wifi yangu, tangu nimemujua mpaka leo, hajaacha fungu ipite.

Kisha nikaenda kwa mama ya kijana. "Kuja na ndugu zako. Usikule. Ukae tu, uangalie."

Walikuja, yeye na kaka yake, muyomba wa kijana, muzee mwenye maneno kidogo. Wamama wa kusali walikuja pia, kwa sababu hakuna mwenye alitaka kueleziwa na wengine. Wifi alifika wa mwisho, na kikwembe mupya, kilemba juu sawa mulima. Alidhani wakwe wenye wanakuja ni wa muntu wake wa Kama, na mimi nimeshindwa. Nikaweka bakuli ya kwanza mbele yake. Moshi ilipanda mpaka kwa pua yake.

"Wifi, karibu. Utoshe sumu."

Aliangalia ile tambi ya manjano.

"Leo tumbo yangu haiko muzuri."

"Pole. Ilianza wakati gani?"

"Asubuhi."

"Asubuhi alipita kwangu," jirani Muislamu akasema. "Alikula mandazi, hakuacha hata ya watoto. Labda njo mandazi yangu."

Watu wakaangalia chini, mabega inatetemeka.

"Mwenye kupika aonje," wifi akasema.

Muyomba wa kijana akakohoa. "Mupishi haonjake kwa ajili ya ukoo. Kama shangazi hataki, sisi tutasimama, twende. Na fungu ya shangazi tutajua pa kuipeleka."

Wifi akashika kijiko. Akafunga macho.

"Fungua macho, wifi," nikamuambia pole pole. "Tambi inavutika. Utajichoma."

Alikunywa supu. Akangoja. Sisi wote tukangoja naye, na hakuna kitu kilimupata. Akaonja tena, kidogo, kwa haya. Kisha akasahau haya, akainua bakuli na mikono mbili. Wakati karanga ya chini ilionekana, mama ya kijana akasogeza kiti.

"Sasa, mama, utueleze. Ile kitu nyeusi iko ndani?"

"Kitu gani? Nani alisema?"

"Wewe. Kwa mulango ya kanisa. Ulivuka mutoni kwa kuniambia, ukanishika mukono."

Wifi akaniangalia. Desturi ni wifi kufunika wifi mwenzake mbele ya wageni, na yeye alingoja nimufunike. Nikatengeneza kilemba changu.

"Ni maji ya majivu," akasema.

"Majivu ya nini?"

"Ya ndizi."

"Ile ya maharagi?"

"Ile ya maharagi."

Wamama walicheka mpaka mumoja alipashwa kuweka mutoto wake chini. Mama ya kijana akavuta bakuli ingine kwake. "Basi na mimi unipe. Na uniongezee yai."

Ningeweza kuacha pale. Nilijaza bakuli ya wifi mara ya pili, mpaka kwa ukingo.

"Ongeza, wifi. Dawa ya bakuli moja haitoshi kufunga muntu."

Alikula yote. Angeiacha, watu wangebishia fungu yake.

Padri, kwa kitubio, aliniambia kisasi ni ya Mungu. Nilimujibu ndiyo, Padri, lakini Mungu alikuja kukaa kwa jiko yangu siku ile. Padri alinipa rozari muzima ya kusali. Niliisali yote.

Kisha matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa, Siku ya Mungu tatu. Kwa Misa, Padri alisoma jina ya binti yangu na ya kijana, akasema, kama muntu anajua kizuizi, aseme mbele ya Mungu. Wifi alikuwa ameketi nyuma yangu, pamoja na ndugu wa bwana. Nikageuka pole pole, mwili muzima, nikamuangalia kwa macho. Siku ya Mungu yenye ilifuata nikageuka tena. Na ile ya mwisho, wamama wote wa kiti yangu waligeuka pamoja na mimi.