Siku Bibi Yangu Aliponiamkia

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilibadilishwa jina ili nipone. Nilibatizwa Otilia, na kwa miaka mitano hivi nikawa Skolastika. Padre hakuulizwa. Kwenye daftari la ubatizo nilibaki Otilia, na shuleni pia, lakini nyumbani kwetu Maposeni aliyeniita hivyo alikatizwa na bibi kabla hajamaliza. Jambo hili nimelificha muda mrefu kuliko lilivyostahili. Nimechoka na mengi siku hizi, ila huu mzigo mmoja angalau naweza kuutua.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Asubuhi vidole vyangu vilikuwa havikunjiki. Maungio yake yalikuwa ya moto ukiyagusa, na magoti vivyo hivyo. Homa ilikuja jioni na kuondoka bila kuaga. Mashavuni ngozi ilibabuka kama ya mtu aliyekaa karibu mno na moto. Kisha kulikuwa na uchovu ambao mpaka leo sijaupatia maelezo, maana watu wakisikia neno uchovu wanafikiri usingizi, na mimi nililala vizuri tu nikaamka nimechoka zaidi. Siku nyingine niliamka mzima kabisa, nikaruka kamba na wenzangu mpaka mama akaniita mara tatu. Hizo siku nzuri ndizo zilizoniharibia. Mtu aliyekuona ukiruka kamba Jumanne haamini kwamba Alhamisi huwezi kushika kikombe cha uji.

Mama alinipeleka zahanati, kisha hospitali, kisha zahanati tena. Walinitoa damu kidoleni, wakapima choo, wakanipa dawa za malaria mpaka masikio yakavuma, kisha za minyoo, kisha za kuongeza damu. Mwishowe daktari mmoja alimwambia mama, mbele yangu, "Huyu mtoto hana kitu." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa habari njema. Mama alishukuru. Njiani kurudi hakunisemesha, nami nilitembea nikijitahidi nisichechemee, kwa sababu mtu asiye na kitu hachechemei.

Bibi yangu, mama yake baba, tuliishi naye mji mmoja, nyumba yake ikitazamana na yetu. Yeye alikuwa na dawa moja tu kwa maradhi yote, nayo ni jembe.

"Huyu anategea," alikuwa akisema. "Nikiwa umri wake nilikuwa namaliza matuta mawili kabla jua halijachoma."

Sikumchukia. Nilimwogopa, na nilimwamini pia. Kuna asubuhi nilijiuliza kweli kama vidole vyangu vinategea na mimi sijui.

Mambo yaligeuka mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshika. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kukauka, na tulikuwa tumekaa uani juu ya mkeka, bibi, mama na mimi, tukipukuchua. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba inafanywa na dole gumba, na dole gumba langu siku hiyo lilikuwa limevimba. Kwa hiyo nilifanya nilivyoweza. Nilibana gunzi moja kati ya magoti, nikashika la pili kwa vifundo vya mikono, nikalisugua juu ya lile la kwanza mpaka punje zikaachia. Ilikuwa kazi ya polepole na ya kuchekesha, na nilitegemea kuchekwa.

Bibi aliacha kupukuchua. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, bibi."

"Nimekuuliza, nani kakufundisha?"

"Vidole vinauma, bibi. Nimejaribu tu mwenyewe."

Akasogea, akanishika mikono, akaigeuza huku na huku. Akabonyeza kila ungio la kidole kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Kisha akainuka, akaingia nyumbani kwake, na siku ile hakupukuchua tena. Mama aliniangalia nami nikamwangalia. Sisi wawili hatukuwahi kumwona bibi akiacha kazi katikati.

Jioni alimwita baba, nasi tukasikia. Bibi alikuwa na dada yake mkubwa, Skolastika, aliyekufa msichana, kabla hajaolewa. Aliugua miaka bila ugonjwa kupata jina. Mashavu yalibabuka, viungo viliwaka, leo mzima, kesho kitandani. Naye alipukuchua mahindi kwa vifundo vya mikono, gunzi juu ya gunzi, na bibi hakuwahi kumwona mtu mwingine akifanya hivyo mpaka siku ile. Skolastika hakupata mtoto wa kumrithi jina. Kwetu inasemwa kwamba mahoka, yaani wale waliotangulia, hawapendi kusahaulika, na aliyesahaulika humshika mtoto mmoja wa ukoo mpaka aitwe.

Mama alijaribu. "Mama, mimi nilitaka kesho nimrudishe hospitali."

"Hospitali wamesema hana kitu," bibi alijibu. "Mimi nasema anacho."

Nilikuwa nimejikunyata mlangoni, na ninakiri kwamba niliposikia maneno hayo nilifurahi kuliko siku ya komunyo yangu ya kwanza. Mtu mzima alikuwa amesema ninacho.

Lakini ilibidi Skolastika mwenyewe akubali. Kesho yake jua likizama, bibi alichukua unga wa ulezi kwenye bakuli, akapiga magoti nyuma ya nyumba yake na kuumimina taratibu kwa ncha za vidole, akimwita dada yake kwa sauti ya chini, sehemu kwa Kingoni na sehemu kwa Baba Yetu. Unga ulijipanga kichuguu kidogo chenye ncha. Akaufunika kwa chungu. Tukielewana, alisema, asubuhi tutaukuta umesimama hivi hivi. Ukiwa umebomoka, basi siyo Skolastika, kuna mkono wa mtu, na itabidi tupande basi mpaka Nalasi, upande wa Tunduru, kwa mganga anayejua mambo hayo. Mganga wa Nalasi nilikuwa nimesikia habari zake. Alikuwa anachanja chale.

Kulipopambazuka niliamka kwa maumivu kama kawaida yangu, nikaenda chooni. Nikapitia nyuma ya nyumba ya bibi. Chungu kilikuwa kimelala ubavu, nadhani ni kuku au mbwa, na ule unga ulikuwa umetawanyika.

Sikufikiri sana. Nilifikiria wembe wa mganga, na nilifikiria pia jambo baya zaidi, kwamba bibi atarudi kuniona mtegaji. Nikapiga magoti, nikaukusanya unga kwa viganja, nikatoa mchanga niliouona, nikaujenga upya. Ulikuwa wa baridi, na vidole vyangu vya moto vilipata nafuu kidogo humo ndani. Nikatengeneza ncha. Nikaufunika, nikarudi kulala.

Bibi alipofunua alipiga vigelegele peke yake mpaka majirani wakatoka. Mchana ule alinikalisha kwenye kigoda chake, akanywa maji na kunitemea kifuani, akalitamka jina. Skolastika. Halafu akafanya kitu ambacho watu waliokuwepo walikicheka kwa furaha. Bibi yangu, mwanamke ambaye wazee wa kigango walimwamkia, alipiga goti mbele yangu akasema, "Shikamoo, dada."

Baba akanisukuma bega. "Mwitikie mdogo wako."

"Marahaba," nikasema. Wote wakapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Kuanzia hapo nilikuwa dada yake. Alinipa kipande kizuri cha nyama, aliniuliza ushauri kuhusu mbegu, alinitania kwamba nimezeeka vibaya nimepungua kimo. Jembe hakunishikisha tena. Na baada ya wiki mbili au tatu, tukiwa wawili jikoni kwake tunasubiri maharage yaive, aliniambia lile lililokuwa likimsumbua miaka yote.

"Dada," alisema, na hakuwa akinitania, "ile siku ya shamba, mimi ndiye niliyekusema kwa baba. Uliomba ubaki nyumbani. Mimi nikamwambia baba unategea, jana ulikuwa unacheza. Akakutoa kwa fimbo. Ukalima siku nzima." Akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Uliporudi ulilala, na hukuamka tena ukawa mzima. Nilikuwa mtoto. Lakini nilisema mimi. Unanisamehe?"

Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kwamba Skolastika hakuwahi kukubali kitu, kwamba unga ule ulisimamishwa na mikono yangu. Nilitaka kumwambia. Nikaona machozi yanashuka kwenye mikunjo ya uso wake, nikasema, "Nimekusamehe."

Akafuta uso kwa khanga. "Na ule ugonjwa? Umekuachia?"

"Umeniachia," nikasema. "Nimepona."

Ningesemaje vingine? Kama naumwa, basi dada yake hajaridhika. Kama hajaridhika, basi hajasamehe. Nilifunga mlango mwenyewe, na ufunguo nikautupa.

Tangu siku hiyo nilikuwa mzima kwa kazi ngumu sana. Niliamka kabla ya wote, nikachovya mikono kwenye maji ya moto yaliyobaki kwenye chupa mpaka ikunjike. Homa ya jioni niliiita usingizi. Mashavu yakibabuka, nilisema ni jua. Mama aliacha kunipeleka hospitali, na kwa nini asiache? Alikuwa amechoka, maskini, na mimi nilimwona jinsi alivyonenepa kidogo baada ya wasiwasi kumtoka. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Alikwenda vizuri, ameungama na kupakwa mafuta, na siku moja kabla aliniamkia, nami nikaitikia. Baada ya matanga watu wakarudi kuniita Otilia bila mtu yeyote kutangaza.

Sasa mimi ni mwalimu hapa Songea mjini, darasa la pili. Ugonjwa haukuwahi kuondoka, ulihama tu nami. Nina mfuko wa rambo uliojaa karatasi za vipimo, na ukizisoma zote utaamini kwamba hakuna mwanamke mwenye afya kama mimi mkoa mzima. Nimeambiwa ni vidonda vya tumbo, ni baridi yabisi, ni mawazo, nipunguze chumvi, niombe. Nimeambiwa nitapona nikizaa, nikazaa wawili. Shuleni wenzangu wananiita Mama ED, yaani Excuse Duty, kwa jinsi ninavyoomba ruhusa za ugonjwa, na wanacheka, nami nacheka nao kwa sababu kukasirika kunataka nguvu. Asubuhi za baridi nashika chaki kwa viganja viwili. Watoto wamezoea, wanadhani ndivyo walimu wanavyoandika.

Na miaka yote hiyo, moyoni, niliamini najua sababu. Ni ule unga. Nilighushi majibu ya mahoka, nikapokea heshima isiyo yangu, na sasa nalipa. Nimesoma, nafundisha watoto kunawa mikono na kwamba mbu ndiye analeta malaria, lakini ungenibana saa kumi na moja alfajiri vidole vikiwaka, ningekuambia ni unga.

Kila daktari huuliza kama kwenye ukoo kuna mtu mwenye tatizo kama hili. Kila mara nimejibu hakuna. Kumtaja Skolastika kungenilazimu nieleze nimemjuaje, na nikieleza hilo nafika kwenye chungu. Nikaona bora niseme hakuna. Kwa hiyo nimezunguka zaidi ya miaka ishirini nikiwalaumu madaktari kwamba hawaoni, na mimi ndiye niliyekalia kitu cha pekee ambacho kingewasaidia kuona.

Mwaka huu swali hilo liliulizwa na daktari msichana, mgeni hapa, sijui wa mkoa gani. Hakuwa mwerevu kuliko wengine, nadhani. Ila mimi siku hiyo nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kudanganya. Nikamwambia alikuwepo. Dada yake bibi. Nikaeleza mashavu, viungo, homa, siku nzuri na siku mbaya, namna ya kupukuchua. Unga sikuufikia, na wala haukuhitajika.

"Alitibiwa wapi?" akauliza.

"Hakutibiwa, daktari. Aliambiwa mvivu."

Aliandika karibu ukurasa mzima, wa kwanza kuandikwa kwa ajili yangu. Akasema hana jina la kunipa leo, lakini kuna magonjwa yanayotembea kwenye koo na kufanana hivyo, na atapeleka damu yangu kwenye maabara kubwa nje ya mkoa. Majibu bado. Nimepiga simu mara nne. Huenda yakaja yale yale, kwamba sina kitu. Nimejiandaa, ingawa sijui mtu hujiandaaje.

Nilirudi nyumbani siku ile nikalala mchana na viatu miguuni, na nilichowaza hakikuwa damu. Nilimwaza bibi. Hakujua kusoma, lakini katika wote walioniangalia ni yeye peke yake aliyeweka wagonjwa wawili pamoja akaona kwamba wanafanana. Akakiita kile alichokiona kwa lugha aliyokuwa nayo. Hakukosea sana.

Na nilimwaza kule jikoni, akisubiri jibu langu. Miaka yote nimeona aibu kwamba nilimsamehe kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Sasa naona vingine. Skolastika aliwaka viungo akaitwa mtegaji. Mimi niliwaka viungo nikaitwa mtegaji, na aliyetuita hivyo sote wawili ni yule yule mmoja. Unga usimame au ubomoke, katika ukoo mzima hakukuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kumsamehe bibi yangu ila mimi, na nilimsamehe.