Alida ni wa Nani

Pelagia alipopata kazi ya kuwasomea watoto hadithi kwenye maktaba hapa Haltom City, mimi ndiye niliyemwambia avae viatu vya kustarehesha, na hilo ndilo shauri langu pekee lililomsaidia. Nilimwambia pia kwamba kazi ya maktaba ni ya ukimya. Sikuzijua maktaba za siku hizi.

Mimi ni nesi, Mkenya, na Jumamosi nilikuwa nikienda pale kusomea mtihani wangu. Yeye ni Mrundi. Alifundisha chekechea katika kambi ya wakimbizi Tanzania kwa miaka mingi, na hapa Texas alianza kwa kutandika vitanda hotelini. Tulijuana kanisani, kwenye misa ya Kiswahili. Wanawake wenzake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao: Mama Armel, Mama Claude. Pelagia hakujaliwa kuzaa, basi wakamwita Mwalimu. Aliitika bila shida, lakini mara nyingi nilimwona akikiinamia kikombe chake wenzake walipoanza kusimuliana uchungu wa uzazi.

Maktaba ilimvuruga tangu siku ya kwanza. Kambini mwalimu akisoma hadithi, watoto hukaa kimya, mikono mapajani. Hapa mmoja alilala kifudifudi, mwingine akamkatiza kuuliza kwa nini fisi havai suruali, na wa tatu akainuka katikati ya hadithi akaenda kunywa maji. Pelagia alifunga kitabu akijua kazi imemshinda. Bosi wake, Bi Sandra, akamwambia amefanya vizuri mno. Wiki iliyofuata nusu ya watoto hawakuja, na Bi Sandra akasema vizuri mno. Kisha wakaja wakajaa hadi mlangoni. Vizuri mno.

"Loice, huyu mama ananisifu ama ananiaga?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba Wamarekani ndivyo walivyo. Lilikuwa jibu la uvivu, maana hata mimi sijawaelewa hadi leo.

Kilichomchanganya zaidi ni yule wa kulala kifudifudi. Siku moja alikuja na bibi yake, akamsimulia hadithi ya fisi mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya Pelagia na lafudhi yake yote ya Kirundi. Pelagia alicheka hadi akakaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Hakujua kwamba mtoto asiyekutazama kabisa anaweza kuwa amekusikia kiasi hicho.

Habari zikaenea kwenye majumba yetu ya kupanga: Mwalimu yuko maktaba. Kwa Warundi wetu maana yake ilikuwa moja tu. Mtoto aliye kwa mwalimu yuko kwa mzazi. Wakaanza kuwashusha watoto mlangoni Jumamosi asubuhi na kwenda zao maghalani na viwandani. Lakini ukutani palibandikwa sheria kwa herufi nene: mtoto mdogo asiachwe bila mtu mzima wake, na akikutwa peke yake wakati wa kufunga, polisi wataitwa. Pelagia aliwaeleza akina mama. Wakasema, "Tumesikia, Mwalimu," na Jumamosi iliyofuata wakawashusha tena. Hakujua kama wanamheshimu au wanamtumia. Mimi nilikuwa na hakika wanamtumia, na nilinuna kwa niaba yake. Siku hizi hakika hiyo sina tena.

Basi jioni moja, mwaka 2018, wakati wa kufunga alibaki mtoto mmoja. Alikuwa Alida, binti mdogo wa Concilie, yule tuliyemwita Mama Armel kwa sababu ya mwanawe mkubwa. Concilie alikuwa amezuiwa ghalani amalizie kupakua kontena, na huko simu haziruhusiwi. Taa za nyuma zilikuwa zimezimwa. Mimi nilikuwa nafunga mkoba wangu. Bi Sandra akaja na simu mkononi, kwa upole kabisa, akauliza huyu mtoto ni wa nani.

Pelagia aliitazama ile simu. Polisi wakishaingia nyumbani kwa mkimbizi, mambo hayaishi siku hiyo. Na akidanganya akagunduliwa, kazi hana.

"Wangu," akasema.

Bi Sandra akainama, akamuuliza mtoto kama huyu ndiye mama yake. Alida akaangalia sakafu, kama alivyofunzwa kufanya mbele ya mkubwa.

"Yes, ma'am," akasema, na akamshika Pelagia mkono.

Usiku huo, nami nikiwapo, Concilie alimfuata mwanawe nyumbani kwa Pelagia, hajavua hata ile fulana ya kung'aa ya kazini. Aliomba radhi, akalia, akaondoka. Pelagia akanigeukia.

"Nimemfundisha mtoto kusema uongo?"

"Uongo gani? Kwetu mama mkubwa ni mama, mama mdogo ni mama."

"Hapa si kwetu, Loice."

Jumanne akaenda kusema ukweli, huku ameshajiandaa moyoni kurudi hotelini. Bi Sandra alimsikiliza, kisha akasema mtoto asishushwe tena mlangoni, na akina mama waje aongee nao yeye mwenyewe. Mwisho akasema saa ya hadithi ni Jumamosi kama kawaida. Hakusema vizuri mno. Pelagia alinipigia simu kutoka maegesho, hajui kama amesamehewa au ameonywa.

"Si amesema Jumamosi? Basi Jumamosi nenda," nikamwambia.

Jumapili baada ya misa tulikuwa ukumbini, kwenye chai na maandazi. Concilie ndiye aliyekuwa akimimina.

"Mama Alida, karibu chai," akasema.

Pelagia akageuka nyuma amwone anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Wewe," Concilie akasema, bado amenyoosha kikombe. "Mimi nina Armel, jina lake linanitosha."

Wanawake wakacheka, kisha mmoja akarudia kwa sauti ya kawaida kabisa: Mama Alida, sogea, chai inapoa. Pelagia alinitazama kana kwamba mimi najua la kujibu. Nikamsukuma mbele taratibu. Nilimfurahia hadi furaha ikaniuma.

Akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Abee," akaitika.