Kamba ya Magunia

Gogo, nyanya yangu, alianguka kwenye njia ya choo asubuhi moja baada ya mvua. Nilimkuta amekaa kwenye matope mekundu, kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka shingoni, anapapasa michai ya kando ya njia ili ajue ameelekea wapi. Hakuwa amevunjika. Aliniambia nisimwambie mtu. Lakini mkono ulivimba, na Jumapili kanisani watu wakauona, na kabla ya jioni shangazi alikuwa ameshapigiwa simu huko Sigor.

Gogo ni mama yake baba. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama huchuma chai kwenye mashamba makubwa upande wa Kimulot, hulala huko kwenye nyumba za wafanyakazi, na huja nyumbani mwanzo wa mwezi. Tangu nilipomaliza darasa la nane tumekuwa wawili tu, Gogo na mimi, na ng'ombe mmoja, kwenye mteremko huu karibu na Roret. Macho yake yalianza kwa kuona ukungu hata siku isiyokuwa na ukungu. Hospitalini tuliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Tulirudi nyumbani. Alipofika alienda moja kwa moja kwa ng'ombe akamkamua, kama kawaida, kwa sababu wakati huo bado alikuwa anaona kivuli cha vitu.

Sasa hata kivuli hakuwa nacho.

Shangazi na baba mkubwa walizungumza kwa simu wakakubaliana. Baba mkubwa anaishi Kericho mjini kwenye chumba kimoja cha kupanga, hangeweza kumchukua. Shangazi ameolewa Sigor, ana nyumba kubwa, na nyumbani kwake watu hawakosi. Angekuja kumchukua Gogo Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ng'ombe angeuzwa. Mimi ningemfuata mama Kimulot nikachume chai.

Nilipomweleza Gogo, alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Hakuacha kusugua.

"Wameniuliza?" akasema.

"Wamesema ni kwa sababu ya kuanguka."

"Huko Sigor ni kwa mkwe wangu," akasema.

Nilielewa. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Akienda kuwatembelea hujifunika vizuri, hukaa kidogo, hunywa chai, hurudi kwake. Siku hizi wengine hawajali. Gogo anajali. Na kule angekuwa anashikwa mkono kupelekwa choo, mkwe wake akiwa amekaa barazani.

Nilitaka kumpigia baba mkubwa nimwambie hivyo. Nilishika simu, nikatafuta jina lake, nikairudisha mfukoni. Mimi maneno hunikwama nikiwa mbele ya watu wakubwa, na hata kwenye simu ni hivyo hivyo.

Siku moja nilikuwa naanika nguo. Gogo alikuja kunisaidia, akashika kamba ya nguo ili ajue ilipo, akaanza kutembea nayo. Alienda mpaka mwisho kwenye mti, akagusa mti, akageuka, akarudi. Alitembea bila kunyoosha mkono mbele, bila kuburuta miguu. Alikuwa anatembea kama zamani. Nilisimama na shati lililolowa mkononi nikimwangalia.

Kamba ya kununua ingetosha kama ningekuwa na pesa yake. Sikuwa nayo. Nilichukua blanketi kuukuu, nikalichana vipande virefu, nikavisuka kama nywele. Ilikuwa nzuri, laini mkononi. Nikafunga kutoka mlangoni mpaka choo, kwenye fito za mkaratusi nilizokata mwenyewe. Mchana mvua ikaja, ile yetu ya kila siku, na kamba ikanywa maji yote ikalala chini. Gogo aliishika asubuhi akaiachia upesi.

"Umenishikisha nyoka," akasema.

"Ni blanketi, Gogo."

"Basi ni nyoka amevaa blanketi."

Akacheka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke.

Nyuma ya jiko kulikuwa na magunia ya mbolea, yale meupe ya plastiki, ambayo tulikuwa tunayawekea mkaa na magunzi. Niliyaosha mtoni mpaka harufu ikatoka. Niliyakata mikanda kwa kisu, upana wa vidole viwili, na kila mwisho wa mkanda nikaugusisha kwenye kaa la moto ili nyuzi zishikane zisifumuke. Halafu nikasokota. Mkanda mmoja pekee hukatika, lakini mitatu ikisokotwa, kila mmoja kwanza kivyake na kisha yote pamoja kwa upande wa pili, hukaza hivi kwamba ukiivuta haitoki. Gogo alishika mwisho mmoja, mimi nikasokota kutoka upande mwingine. Tulifanya hivyo jioni nyingi. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu, na kamba ikilegea alikuwa anajua kabla yangu.

Plastiki ilikuwa inakwaruza kiganja. Nikakata mirija ya gambuti za zamani, zile buti za mpira zilizotoboka, nikaivisha kwenye kamba mahali pa kona ambapo mkono hukaza. Kwenye fito nikafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu mpira hauozi na mvua wala haulegei.

Hatua chache kutoka mlangoni kamba iligawanyika njia tatu. Gogo aliniuliza atajuaje ni ipi ya wapi. Nikafunga mpini wa mwiko uliovunjika kwenye ile ya jikoni, gunzi la mahindi kwenye ile ya ng'ombe, na kwenye ile ya choo nikafunga kipande cha soli ya gambuti. Alizishika moja moja.

"Hii ya ng'ombe nitaisahau lini?" akasema akiwa ameshika gunzi. Alikuwa anajisemea mwenyewe.

Alianza kwa kwenda choo nikiwa nyuma yake. Kisha nikiwa mlangoni. Kisha siku moja nilikuwa jikoni nikasikia ng'ombe anaitwa kwa sauti ile ya kumwita wakati wa kukamua, na nilipochungulia nikaona Gogo ameshafika, ameinama, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Sikutoka. Niliendelea kuchochea moto.

Jirani yetu wa ng'ambo ya ua ni mzee mwema, lakini macho yake yako kwetu kila siku. Aliona fito zimesimama kwa mstari, na kamba nyeupe imevutwa kutoka nyumba mpaka chini kwenye chai. Kwetu kitu kama hicho kina maana moja. Fito na kamba ni watu wa kupima ardhi. Alimpigia baba mkubwa simu akamwambia shamba lao linagawanywa na yeye yuko tu mjini.

Baba mkubwa alikuja siku hiyo hiyo, katikati ya wiki, bado amevaa koti la kazi. Hakupiga hodi. Alipitia upande wa chini, na nilipotoka na karai la maji nilimkuta ameshang'oa fito mbili za karibu na choo.

"Nani amekutuma?"

Nikasimama.

"Ni mama yako? Anataka kipande chake akatiwe sasa? Mama yangu akiwa bado anapumua?"

"Baba mkubwa, si..."

"Si nini? Ongea. Hizi bikoni za mpaka nani ameweka?"

"Mimi."

"Wewe. Wewe msichana mdogo hivi unajua mpaka?"

Nilitaka kumwambia. Maneno yote yalikuwepo, niliyaona, lakini mdomo ulikataa. Nilibaki nimeshika karai na maji yanamwagika kidogo kidogo kwenye miguu yangu. Mama yangu ni mjane kwenye boma hilo, na niliona jinsi lile jambo lingemfikia huko Kimulot, na jinsi lingesemwa kanisani. Baba mkubwa akang'oa fito ya tatu, akaikusanya na nyingine kwapani, akaanza kuvuta kamba.

Hapo juu, katikati ya njia, Gogo alikuwa anakuja. Alikuwa ameanza safari yake ya choo bila kujua kuna mgeni. Kamba ikalegea mkononi mwake. Akasimama. Akaivuta kidogo, ikaja yote, ikamwangukia miguuni. Alinyoosha mkono mmoja kushoto, hewa. Akaunyoosha kulia, hewa. Hakupiga kelele. Alisimama tu wima na mikono imefunguka pande zote mbili, kwenye mteremko ule ule, na sikuwahi kumwona mdogo hivyo.

Baba mkubwa aliacha kuvuta.

"Nani yuko hapo chini?" Gogo akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Umekuja lini?"

"Sasa hivi."

"Unaenda wapi na kamba yangu?"

Baba mkubwa aliangalia kamba mkononi mwake. Aliangalia mrija wa gambuti, na kile kipande cha soli, akakigeuza kwa kidole gumba. Nadhani aliitambua ile soli. Gambuti zile zilikuwa zake, za wakati alipokuwa bado anaishi nyumbani.

"Naenda choo," Gogo akasema. "Kama umemaliza kazi yako, nirudishie njia."

Nilikimbia nikamshika mkono. Tuliporudi, baba mkubwa alikuwa amevua koti. Alitafuta jiwe, akapigilia fito zote tena, hata zile ambazo hakuzigusa. Alizipigilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hakuniomba msamaha na mimi sikutarajia. Lakini alipokunywa chai alisema, akiangalia kikombe, "Mwambie mama yako nimemsalimia." Halafu akamwambia Gogo kwamba shangazi bado anakuja Jumamosi, na hilo yeye hawezi kulizuia peke yake.

Shangazi alikuja na kikapu kikubwa cha kuwekea nguo za Gogo. Baba mkubwa alikuwepo pia. Shangazi alipofika getini tu akaiona kamba, akakishusha kikapu chini.

"Ni nini hii? Mmemfunga mama kama mbuzi?"

Akaishika kamba akaitikisa.

"Watu wakipita hapa watasema nini? Kwamba huyu mama amezaa watoto wakamfungia kamba?"

"Yeye hajafungwa," baba mkubwa akasema. "Iliyofungwa ni kamba."

"Wewe nyamaza. Tulikubaliana na wewe, leo umegeuka." Akanigeukia mimi. "Na siku atakapoanguka, na wewe uko kwenye chai ya watu, utanipigia simu uniambie nini? Unajua mimi hulala na simu sikioni? Kila ikilia nafikiri ni yeye."

Sauti yake ilikatika mwishoni. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri anajali maneno ya watu tu. Gogo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Akamwita binti yake kwa jina lake la utotoni, akamwambia akae.

"Mume wako ni mtu mzuri," akasema. "Tangu alipokuja kuposa hapa sijamwona akikosa heshima."

"Ndiyo, na amesema mwenyewe nikulete. Ameshakutengenezea chumba."

"Ndiyo maana siwezi. Anione nikipelekwa choo nimeshikwa mkono? Nimwage chai mbele yake? Nitakuwa nimekaa kwake, lakini uso wangu nitauweka wapi?"

Gogo aliposema hivyo alikuwa ametazama upande ambao shangazi hakuwepo, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuliangalia.

"Hapa nikianguka," Gogo akaendelea, "nimeanguka kwangu."

Shangazi alilala kwetu. Asubuhi, kukiwa kumekucha vizuri na ukungu bado uko kwenye chai, Gogo alijifunga kitambaa akatoka. Shangazi alinifanyia ishara ninyamaze, akavua viatu, akamfuata miguu mitupu kwenye nyasi zenye umande. Mimi nilisimama mlangoni. Gogo alishika kamba, akaenda mpaka inapogawanyika, akapapasa mwiko, akauacha, akapapasa gunzi. Akashika njia ya ng'ombe. Mahali penye utelezi alipunguza mwendo, mkono wake ukakaza kwenye mpira wa gambuti, akapita. Shangazi alikuwa hatua chache nyuma, mikono imetangulia mbele kama mtu anayetaka kudaka mtoto.

Gogo hakugeuka.

"Kama unanifuata, si ungebeba ndoo?"

Shangazi alisimama. Akarudi mpaka jikoni, akapita karibu yangu bila kuniangalia, akachukua ndoo ya maziwa. Alikaa huko kwa ng'ombe muda mrefu kuliko muda wa kukamua. Waliporudi Gogo alikuwa mbele, ameshika kamba, na shangazi nyuma na ndoo, na hakuna aliyekuwa anamshika mwenzake.

Waliamua mambo wakinywa chai. Ng'ombe hauzwi. Mimi nisiende Kimulot, nichume kwa majirani tu, siku za baridi ya asubuhi nisitoke mpaka Gogo awe ameshatoka choo. Baba mkubwa aje kila Jumamosi aangalie fito, kwa sababu mvua hulainisha udongo. Shangazi alinipa namba ya mume wake niiandike pia, ikiwa yake haitashika. Aliniambia nikiona Gogo ameanza kuchoka nisinyamaze kwa sababu ya aibu. Nikasema ndiyo. Akasema hiyo "ndiyo" yangu haisikiki, niseme tena. Nikasema tena.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amebeba kikapu mkono mmoja, kikiwa kitupu, na upepo ulikuwa unakipigapiga kwenye goti lake. Pikipiki ilipokuja alipanda, akakiweka kikapu mbele yake, akashikilia kwa mikono yote miwili, akaenda Sigor bila mama yake.