Bomba la Damu Moja

Efraimu wa Mahongole aliogopa sindano za watu. Miaka ile ukimwi ulipokuwa ukifagia nyumba za Makambako, alisikia kanisani kwamba sindano ya kuchangia inaua, na neno hilo likamwingia mfupani. Akaenda duka la dawa, akanunua bomba jipya la plastiki na sindano yake, akalitia kwenye kopo juu ya kabati.

"Hili ni la kwetu," akawaambia wadogo zake, Shadrack na Eveline. "Mzee Frederick akija kuchoma, achome kwa hili tu. Sisi ni damu moja."

Mzee Frederick aliwahi kufagia zahanati. Alipostaafu akageuka daktari wa baiskeli. Homa ikiingia nyumbani anaitwa. Atasuuza bomba kwa maji ya moto, amchome Shadrack, asuuze tena, amchome Eveline, kisha Efraimu mwenyewe. Efraimu alilala usingizi mzuri, akijua kwake hapaingii sindano ya mtu baki.

Bomba lilikuja kutupwa, nao wakalisahau. Shadrack akaenda Njombe kupasua mbao. Mwaka juzi akarudi macho ya manjano, tumbo limejaa kama ngoma, na haikuchukua muda akafariki. Kwa kuwa alipenda ulanzi, pombe ya mianzi, hakuna aliyeuliza zaidi. Efraimu si msemaji, lakini siku ile makaburini, yeye akiwa ndiye mkubwa wa familia, alijikaza.

"Ndugu zangu, ulanzi umemla mdogo wangu. Vijana, mjifunze."

Eveline aliondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Akarudi kwa mumewe Igwachanya na hakukanyaga Mahongole tena.

Mwaka huu mke wa jirani yake alihitaji damu, Efraimu akaenda kujitolea. Baada ya vipimo nesi akamwita pembeni.

"Baba, damu yako hatuwezi kuitumia. Una virusi vya homa ya ini."

"Mimi? Hata ulanzi sionji, dada."

"Hii haiji kwa pombe. Umewahi kuchomwa sindano iliyokwisha tumika?"

"Ya watu, hata siku moja! Tulikuwa na bomba letu wenyewe nyumbani, mimi na wadogo zangu. Damu moja."

Nesi akamtazama bila kumcheka. "Kirusi hakiulizi ukoo, baba. Mmoja wenu akiwa nacho, bomba linawagawia wote. Na mtu hukaa nacho miaka mingi analima na kula vizuri, asijue."

"Sasa aliyeanza kuwa nacho ni nani?"

"Hilo halijulikani tena. Hata wewe unaweza kuwa ndiye. Wadogo zako wako wapi?"

"Mmoja tumemzika, alivimba tumbo. Mwingine nasikia ni mjamzito."

"Basi mfuate upesi. Mama humwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Akijulikana mapema, mtoto anaweza kukingwa."

Efraimu alimkuta Eveline uani akimenya viazi, tumbo limefika magotini.

"Kamwene, mdogo wangu."

"Kamwene. Karibu, mhubiri. Leo kafa nani, au umekuja kuvihubiria viazi?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yakampotea. Akasimama ameshika kofia, akaeleza vipande vipande: bomba, nesi, damu yake. Kisu cha Eveline kikasimama.

"Kwa hiyo hakikuwa kilevi kilichomuua Shadrack."

"Huenda kililiongezea ini ubaya, sijui. Lakini ugonjwa ulikuwa huu, nadhani. Na huenda aliupata kwangu."

"Nawe ukamsema mbele ya jeneza lake."

"Nilimsema."

"Ulimsema, kaka! Mtu asiyeweza hata kukujibu!" Akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakamrukia Efraimu kwenye suruali. Hakuyafuta.

"Nichukie, ni haki yako. Ila mtoto usimnyime kipimo kwa sababu yangu."

Eveline akafuta mikono kwenye kitenge, akaita bodaboda.

Efraimu alifuata nyuma kwa miguu, akamngoja nje ya kituo cha afya. Jibu aliliona usoni mwake kabla hajafungua kinywa.

"Ninacho," Eveline akasema. "Wamesema nisijifungulie nyumbani, ili mtoto achanjwe mara tu akizaliwa. Mimi nami nitafuatiliwa."

Efraimu alitafuta neno la pole akaliona dogo mno. Alichokinunua kuwalinda ndicho kilichowapitia wote watatu, na hakuna maji ya moto ya kulisuuza hilo.

"Nifanye nini, Eveline?"

"Nenda kawaambie walewale waliokusikia makaburini. Wote."

"Wajua mimi kusema mbele za watu…"

"Siku ile sauti ilitoka wapi?"

Eveline akapanda bodaboda yake. Efraimu akabaki barabarani, akijaribu kwa sauti ya chini: "Ndugu zangu, mdogo wangu Shadrack…" Hapo neno likamkwama. Akaanza upya.