Kwa Hoyt Gaskins, Wavu Kuanguka Hakutoshi Tena

Ni Ijumaa asubuhi, umande bado haujakauka kwenye nyasi za katikati ya uwanja wa mbio wa Pinder, na Hoyt Gaskins amelala chali chini ya lori lake. Inaonekana miguu tu. Anapaka grisi kwenye winchi, anapitisha mnyororo mkononi pingili kwa pingili, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Keshokutwa magari arobaini yatazunguka hapa maili mia nne, na yatakayogonga ukuta yatamsubiri yeye.

"Mnyororo hauna adabu," anasema kutoka huko chini. "Unakaa nao mwaka mzima kwa amani, halafu unakatika siku watu wamejaa."

Ana miaka sabini na mmoja, na kazi hii ya kukokota magari yaliyoharibika mbioni aliianza akiwa kijana mwenye nywele. Siku za kawaida lori lake hutoa magari ya watu mitaroni huko barabara kuu. Siku ya mbio uwanja humlipa dola mia mbili na mkate wenye nyama ya nguruwe. Anasema angekuja hata kwa mkate peke yake, na wanaomfahamu wanaamini.

Mwaka huu, hata hivyo, mlangoni mwa lori pamebandikwa kipande cha utepe mweupe wa gundi, ule wa kuzibia mabati ya magari, na mtu ameandika kwa kalamu nene: REDIO HOYT. Hajakibandua. Mwenzake wa kufunga ndoano, mtu mnene mwenye maneno mengi ambaye Pinder nzima humwita Kiazi, alitaka kukikwangua kwa kisu, Hoyt akamwambia akiache.

"Waliobandika wana sababu," anasema, akijifuta mikono.

Kuielewa sababu hiyo kunahitaji kurudi nyuma kidogo.

Mbio za Pinder zilianza mwaka 1951, pale mkulima mmoja wa tumbaku alipolima shamba lake kuwa duara na majirani wakaamini amechanganyikiwa. Kona ya pili ilibana kwa sababu kanisa lilikataa kuuza makaburi, na imebana mpaka leo. Magari ya siku hizo yalikuwa yale yale yaliyopeleka watu ibadani. Mtu alifika na gari lake, akaziba taa kwa utepe wa gundi, akafunga milango kwa mshipi wa suruali isije ikafunguka, akakimbia maili mia nne, na gari likiwa bado na uhai akarudi nalo nyumbani.

Baba yake Hoyt, mzee Otis, alikimbia mwaka ule wa kwanza kwa gari la familia. Alirudi kwa miguu, usukani kwapani.

"Mama hakumsemesha mpaka Krismasi," Hoyt anasema. "Lile gari lilikuwa halijamalizwa kulipiwa."

Tangu siku hiyo hakuna Gaskins mwingine aliyejipanga kwenye mstari wa kuanzia katika Mia Nne, kama mbio hizi zinavyoitwa. Mtoto wa Hoyt, Dwight, aliishia kuwa fundi. Ndipo akaja binti wa Dwight, Raelyn, mwenye miaka ishirini na mbili, mkimya mezani na mkorofi barabarani. Majira ya kuchipua mwaka huu alishinda mbio mbili ndogo hapa hapa, akapata nafasi katika Mia Nne ya Septemba. Kanisani walimpigia makofi kabla hata ya mahubiri. Hoyt, ambaye si mtu wa kulia, alitoka nje kwenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Sasa kuhusu wavu. Dirisha la dereva katika magari haya halina kioo, lina wavu mzito wa mikanda. Uliletwa miaka ya sabini, baada ya madereva kuumia mikono iliyorushwa nje magari yalipobingirika. Lakini watu wa mbio waliugeuza wavu kuwa lugha. Gari likigonga, uwanja mzima husimama na kutazama dirisha lile. Wavu ukianguka, maana yake dereva ameufungua mwenyewe, yuko salama, na mama yake huko jukwaani anaweza kukaa chini.

Kwa hiyo watoto wa Pinder hufundishwa jambo hilo kabla ya kufundishwa kubadili gia: ukigonga, angusha wavu kwanza. Hoyt alimfundisha Raelyn mwenyewe, akiwa na miaka tisa, ndani ya gari bovu nyuma ya karakana.

Kuna pia desturi ya pili, nayo ni ya lori hili. Dereva aliyeangusha wavu hangoji gari la wagonjwa. Anapanda kwa Hoyt na kurudishwa kwa mafundi wake. Ni safari fupi, lakini humo ndani wanaume wazima wamelia, wametukana waajiri wao, wamekiri kwamba walisinzia kwenye usukani. Na yanayosemwa ndani ya lori hayatoki. Waandishi tumemwandama Hoyt miaka mingi na maswali yetu, tukaambulia habari za hali ya hewa.

Julai, katika mbio za mazoezi, tairi la mbele la Raelyn lilipasuka kwenye kona ya pili na gari likaenda ukutani moja kwa moja. Kiazi anasema mshindo ule aliusikia kwenye meno. Gari lilikuwa bado linateleza wavu ulipoanguka. Jukwaa likashangilia. Binti akatoka, akapunga mkono, akapanda lorini kwa babu yake akiwa anatabasamu.

"Babu, nani kanigonga?" aliuliza.

Hoyt akamjibu kwamba hakugongwa na mtu, tairi limepasuka. Akasema sawa. Walipopita mnara wa matokeo akauliza tena, kwa sauti ile ile, nani kamgonga. Akajibiwa. Karibu na lango la mafundi akauliza mara ya tatu, kama mtu ambaye ndiyo kwanza limemjia kichwani.

"Hapo niligeuka nikamtazama," Hoyt anasema.

Kwenye zahanati ya uwanjani walimuuliza jina, siku na mwezi. Akajibu vizuri, akaruhusiwa. Jioni alikula viazi na kuku kwa bibi yake, akalalamika tu kwamba taa ya jikoni ni kali. Hoyt alikaa naye meza moja na hakusema kitu.

Siku ya pili akavaa kofia nzuri, akaendesha mpaka mjini kwa daktari wa uwanja, Dokta Prioleau, mwanamke mfupi asiyependa mizunguko. Akamweleza yote, swali kwa swali.

Vipimo vilionyesha ubongo umetikisika vibaya. Raelyn alizuiwa kukimbia kwa muda wote uliobaki wa mwaka huu. Kiti chake katika Mia Nne kikapewa kijana kutoka Virginia, na Dwight, ambaye ana mkopo juu ya gari lile, akalazimika kulitengeneza kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine.

Raelyn alipojua habari zilitokea wapi, alikwenda kwa babu yake. Kiazi alikuwepo, na anasema heri asingekuwepo.

"Ulinifundisha niangushe wavu, nikaangusha," binti alimwambia. "Ukanipandisha kwenye lori lako, nikapanda. Ungesema mapema kwamba mimi kwako ni mgonjwa, ningengoja ambulensi."

Akaondoka. Toka siku hiyo, salamu hakuna. Kanisani akahamia benchi la upande wa pili, na watu wa Pinder, ambao hawakosi kuona nani kakaa wapi, waliona.

Madereva nao walisikia. Wiki mbili baadaye mmoja aligonga, akaangusha wavu, akasimama kando ya gari lake akingoja ambulensi huku Hoyt amemfungulia mlango. Kisha mwingine akafanya vile vile. Kipande cha utepe kilibandikwa wiki hiyo.

Nilimuuliza Hoyt kama anajuta. Akachukua karanga za kuchemsha kwenye mfuko na kuzimenya bila kula.

"Kumsema Raelyn sijutii," alisema hatimaye. "Kinachonisumbua ni kingine. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningenyamaza. Ningefika langoni nikamshusha, nikamwambia usiku mwema. Na nimewashusha wengi namna hiyo. Wengine waliniuliza kitu kile kile mara mbili na tukacheka."

Wangapi, hajui, na anasema hataki mtu amwambie kwamba nyakati zilikuwa tofauti. Vichwa vilikuwa hivi hivi.

Kwa hiyo ameweka sharti. Kila dereva anayeshika mpini wa mlango huambiwa kabla hajapanda: nikiona hauko sawa, nakwenda kwa daktari. Kiazi anadhani ni ukaidi tu wa uzee. Kama nia ni kusema, anadai, si aseme kimyakimya, watu wapande. Hoyt anamjibu kwamba huo ndio utakuwa uchongezi wenyewe. Mimi niliyekulia jukwaa la kona ya nne, nikishangilia kila wavu uliodondoka, nakiri nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa sina raha.

Jumapili ilifika na joto lake. Kulikuwa na moshi wa nyama tangu asubuhi, mahema yamebanana, chai ya barafu inauzwa kwa ndoo. Hoyt alikuwa ameegesha mahali pake pa siku zote, ndani ya kona ya pili. Wimbo wa taifa ulikuwa haujaimbwa nilipomwona Raelyn akivuka nyasi, amevaa shati la kawaida, mikono mifukoni. Mahali pake palipaswa kuwa kwenye gari la buluu lililokuwa mstari wa sita, na kijana wa Virginia alikuwa ndani yake anafungwa mikanda.

Binti alisimama mbele ya mlango. Akasoma ule utepe, akakunja mdomo.

"Baba kanitimua kwa mafundi," alisema. "Anasema namtazama yule kijana vibaya. Nikae wapi?"

Hoyt akaondoa kreti la soda kwenye kiti. Kiazi, bila kuambiwa, akahamia nyuma kwenye winchi, nami nikajibana naye karibu na dirisha la nyuma.

"Sijakusamehe," Raelyn alisema akipanda.

"Sikukuuliza."

Kazi ya kwanza ilikuja kabla ya nusu ya mbio. Gari la dereva mmoja aitwaye Garland Yarborough, mkongwe wa hapa mwenye ulimi mchafu, liliparuza ukuta na kugeuka likatazama lilikotoka. Bendera ya njano, ya kupunguza mwendo, ikapepea. Wavu ukaanguka, jukwaa likashangilia. Kiazi akafunga ndoano, na Garland akaja mpaka mlangoni akiwa na helmeti mkononi, jasho likimchuruzika.

Hoyt akamwambia sharti lake, taratibu, kama alivyowaambia wengine.

Garland akaangalia upande wa ambulensi. Akaangalia lori. Alikuwa ameshaanza kugeuka Raelyn alipochungulia dirishani.

"Panda," akamwambia. "Mimi damu yake alinisema. Wewe ni nani hata akufiche?"

Garland akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka kwa sababu ubavu ulikuwa unauma kweli. Akapanda. Njia nzima alitukana tairi, ukuta na watengenezaji wa vyote viwili. Walipofika langoni Hoyt alizima injini na kumuuliza swali ambalo, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kumuuliza dereva: amegonga kona gani?

Garland akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akasema, bila mzaha, labda amwone yule mama daktari.

Akashuka akaenda mwenyewe, hatua kwa hatua. Raelyn alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia zahanati.  Magari yaliendelea kupita, na gari la buluu lilikuwa la tisa, kisha la saba.

Novemba Raelyn atapimwa tena. Dokta Prioleau hajaahidi kitu. Hoyt alikuwa amepanga kustaafu baada ya mbio za mwaka huu na kumwachia Kiazi lori, lakini sasa anasema ataongeza mwaka mmoja. Nilipomuuliza anautakia nini mwaka huo, alijibu akitazama mbele, ingawa maneno yale hayakuwa ya kwangu bali ya Raelyn.

"Nataka nimwone Gaskins kwenye Mia Nne kabla sijafa. Na siku hiyo naomba nikae humu kutwa nzima bila kazi."

"Na nikigonga?" Raelyn akauliza.

"Utaangusha wavu ukiwa tayari. Nitakuja nikufungulie mlango."

"Halafu?"

"Halafu nikiona hauko sawa, nitasema."

Binti akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho kwa sababu jua bado linamsumbua.

"Najua, Babu," alisema. "Nitapanda hivyo hivyo."